Shimo la Nne la Mwalimu Esdras

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kamina, Kabongo, Mulongo, na kila mahali ambapo sauti yetu inafika mchana huu, karibuni. Wekeni masufuria chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyetutoka Alhamisi iliyopita, hapa hapa Kamina, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Jina lake Esdras Kapenda. Wengi wenu mlimwita Mwalimu Esdras, kwa sababu aliwafundisha hesabu, na baadhi yenu aliwagonga rula kwenye vidole. Leo mumsamehe.

Mwalimu Esdras Kapenda alifundisha hesabu katika shule ya Wamethodisti kwa miaka thelathini na minane. Hilo mnalijua. Lakini leo sitazungumzia hesabu. Nitazungumzia kiwanja cha gofu. Najua kuna mtu huko ameshaanza kucheka. Gofu, Kamina? Ndiyo, gofu, Kamina. Ile sehemu tunayoiita Golf mpaka leo, yenye nyumba za matofali na vibanda vya kuuza vocha, ilikuwa kiwanja kweli. Kilikuwa na mashimo tisa na bendera tisa, na Mwalimu Esdras ndiye aliyekitunza.

Alifika pale mwaka 1976, kijana mwenye suruali moja nzuri. Hakwenda kucheza. Alikwenda kuwaomba watu wa reli wamwazime mnyororo wa kupimia ardhi, ili wanafunzi wake wajifunze jometri kwa miguu. Aliwakuta wanacheza shimo la nne. Akasimama kuwatazama, akasimama mpaka jua likazama, na mnyororo akausahau. Mama Marthe, mkewe, bado ana kinyongo na siku hiyo.

"Tulikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa," ameniambia. "Alirudi na mavumbi ku viatu, akaanza kuchora ku meza yangu na mukaa. Ananiambia: Marthe, kuko shimo moja kule, ile shimo iko na akili kupita bantu. Minyi nikajua nimeolewa na mugonjwa."

Sasa mnifuate polepole, kwa sababu bila shimo la nne hamtamwelewa marehemu.

Simama pale pa kuanzia. Bendera iko mbele yako, hatua mia tatu na arobaini. Kushoto ni uwazi mpana, majani mafupi, hakuna cha kukutisha. Kulia kuna mstari wa mawe meupe, mawe ya mpaka. Ng'ambo ya mawe ni ardhi ya reli. Mpira ukivuka mawe umepotea, na unaanza upya. Na kule mbele, karibu na bendera lakini upande wa kushoto, kuna kichuguu. Si kichuguu cha kuchezea, ni kile cha kwetu Katanga, kirefu kama nyumba.

Haya, wewe utapiga wapi? Mtu mwenye busara ya kawaida anapiga kushoto. Ni kupana, ni salama, anatembea akipiga mluzi. Akifika kwenye mpira wake, anainua macho na haoni bendera. Kichuguu kimesimama katikati. Itabidi akizunguke, na hapo amepoteza pigo. Lakini aliyethubutu kupiga kulia, akapitisha mpira wake karibu na mawe, huyo anaiona bendera yote, kuanzia juu mpaka chini.

Mwalimu Esdras alikuwa akisema kwamba shimo baya linakuadhibu papo hapo, ila shimo zuri linakuacha uende ukifurahi. Swali linaulizwa kwenye pigo la kwanza, na jibu unalipata kwenye la pili. Aliyerudia maneno haya kwangu ni rafiki yake, Papa Florent Kabwe, dereva mstaafu wa treni. Walicheza pamoja kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mmoja. Na kwa miaka thelathini na mmoja, Papa Florent alipiga kushoto.

"Minyi napendaka fasi pana," Papa Florent ameniambia bila aibu. "Ku kazi nilikuwa natembea ku reli tu, kushoto hapana, kuume hapana. Jumamosi uniache nipumuzike. Esdras alikuwa anakasirika. Ananiambia: weye, Florent, uko nakosea kosa moja tangu 1980."

Watu wa kanisa nao walimchokoza. Mwalimu, huo si mchezo wa Wazungu? Alijibu kwamba fundi wa Kizungu aliyekipanga kiwanja alichomeka bendera tu. Kile kichuguu hakukiondoa, ama kwa akili, ama kwa uvivu. "Muzungu alitia bendera," alisema. "Shimo ilifanywa na muchwa."

Hata pale palipo na bendera hapakuwa na majani. Jua letu haliyaruhusu. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini za treni, ili upepo usiubebe. Kabla ya kupiga pigo la mwisho unavuta gunia juu ya mchanga, mara moja tu, kutengeneza njia ya mpira wako. Shimo la pili lilikuwa fupi, mtu mwenye nguvu alilidharau, na mchanga wake uliinamia nyuma, ukiwapeleka wenye dharau mtaroni. La saba lilipinda kwenye miti, likakushawishi ukate kona. Mwalimu alileta wanafunzi wake pale na daftari. Aliwaambia wahesabu pembe. Alikuwa na furaha, wasikilizaji wapendwa. Niseme hivyo sasa, kwa sababu kuanzia hapa furaha inapungua.

Reli ilianza kudhoofika. Mishahara ikakosekana, wachezaji wakahama mmoja mmoja. Majani yakaota kiunoni. Akina mama wakalima mihogo kwenye shimo la kwanza na la pili. Mwalimu Esdras hakuwafukuza, maana hata yeye mihogo anakula. Aliwaomba tu waache kijia katikati ya matuta ili mpira upite. Walimhurumia wakakiacha. Mwaka uliofuata walikilima nacho. Mashimo tisa yakawa matano, yakawa matatu. Mwisho likabaki moja, shimo la nne, ambalo alilikata majani mwenyewe kwa mkono, na baada ya kustaafu akalikata kila asubuhi. Hakutaka mengine tena. Alitaka hilo moja tu lisife kabla yake.

Kisha likaja neno la viwanja vya kujenga. Kampuni moja ya kuuza viwanja ilianza kuimendea Golf yote. Jina lake tuliache. Lakini kwa miaka mingi ilishindwa kuikata vipande, kwa sababu hakuna aliyejua mipaka. Mawe meupe yalizikwa na majani. Mitaro ya zamani ilijaa udongo. Vichuguu viliziba macho. Ukisimama pale hujui wapi panaanza na wapi panaisha. Ile vurugu ndiyo iliyokuwa ukuta wa kiwanja.

Na Mwalimu Esdras hakuliona hilo. Yeye alifikiri watu wanataka kuharibu kwa sababu hawaelewi. Ni ugonjwa wa walimu, kuamini kwamba mtu akieleweshwa vizuri ataacha ubaya. Basi akaamua kuchora. Alichora kwa miezi kumi na moja. Alitafuta kila jiwe la mpaka kwa jembe, akalisafisha, akalipima. Aliweka mashimo yote tisa, hata yale yaliyokuwa chini ya mihogo. Aliweka kila kichuguu, kila mteremko, na mishale ya kuonyesha maji yanapita wapi wakati wa mvua. Aligundisha karatasi kwa ugali mpaka zikajaa meza ya Mama Marthe. Pembeni aliandika, kwa ule mwandiko wake mnaoujua, namna kila shimo linavyochezwa.

"Nilimuambia awache," anasema Mama Marthe. "Nilimuambia: Baba Éliane, bantu banatafuta fasi ya kulala, weye uko napeleka bendera. Akanijibu: batasoma, batafahamu."

Akavaa koti la kanisani, akaipeleka ramani kwa mikono yake mpaka ofisini kwa kampuni. Kule walimpokea vizuri sana. Kiongozi wao alisimama, akamwita Mwalimu, akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile. Mwalimu Esdras alirudi nyumbani akiimba.

Miezi mitatu baadaye vijana wa kampuni walifika kwenye shimo la nne na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Mkononi walikuwa na nakala ya ramani yake. Aliuona mwandiko wake mwenyewe. Aliyaona maneno "shimo la nne", na juu ya maneno hayo mistari ya vipande vya kujenga, vyenye namba. Hawakuhitaji kupima tena. Alikuwa amewapimia.

Sasa sikilizeni alichofanya, kwa sababu Papa Florent alikuwepo na ameniapia. Hakupiga kelele, wala hakulia. Alitazama kigingi kimoja, akatikisa kichwa, akawaendea. Akawaambia: "Vijana, hapa mumekosea. Huku maji inapita mwezi wa kwanza. Musogeze hatua sita." Wakasogeza hatua sita. Akatazama kingine. Akawasahihisha mpaka adhuhuri. Leo nyumba za mstari ule haziingii maji, na wanaokaa ndani wanadhani ni bahati.

Kichuguu walikichimba wafyatua matofali. Walikimaliza kwa majuma manne, udongo wake ulikuwa mzuri. Na kampuni, kwa adabu, ikampa Mwalimu karatasi ya lupango mmoja, yaani kipande kimoja cha kujenga, kama asante. Aliitia kwenye droo, chini ya madaftari. Tangu siku hiyo hakusema tena neno gofu. Mtu aliyewachosha majirani, wachungaji na waendesha pikipiki kwa habari za shimo la nne, alinyamaza kabisa.

Miaka miwili baadaye binti yake, Éliane, alirudi kutoka Mulongo. Alikuwa mwalimu kule, ameolewa kule. Maji ya mto Lualaba yalipanda yakachukua nyumba, na mumewe akafa kwa homa mwezi huo huo. Alifika na watoto wanne na godoro moja. Mama Marthe akafungua droo, akampa ile karatasi. Mwalimu Esdras aliisoma namba iliyokuwa juu yake. Alisema tu, "Muzuri, mutoto ajenge."

Éliane akajenga. Aliuziwa matofali pale pale karibu. Baba yake aliomba jambo moja tu: chumba cha uani kitobolewe dirisha upande wa kulia, upande wa reli. Éliane alidhani ni kwa ajili ya hewa. Na alipougua, mzee akahamishiwa chumba hicho, yeye na Mama Marthe, ili auguzwe na binti yao. Alilala hapo miezi saba. Alhamisi iliyopita akafa hapo.

Ijumaa nilikwenda kwenye matanga, katika nyumba hiyo hiyo. Éliane alikuwa amekaa chini kati ya akina mama. Alisema, akijifuta macho: "Hata kama ni vile, namushukuru Mungu. Ile shimo ya nne ilimuvunjaka Baba roho. Alau amekufia mbali nayo."

Papa Florent alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Akainamisha kichwa. Akasema, "Mutoto yangu, alinikataza kusema. Lakini sasa ameenda. Hapa ndani njo fasi bendera ya nne ilikuwa inasimama. Na hii matofali yote ni kile kichuguu. Ile dirisha yake inatazama njia ya kuume, fasi alikuwa anapitisha mupira."

Éliane alizitazama kuta za nyumba yake. Akasema, "Papa Florent, kama angeniambia, minyi singejenga hapa."

"Njo sababu hakukuambia," akajibu mzee.

Wasikilizaji wapendwa, ningependa kuwapa neno la kufariji hapa, lakini nimelitafuta tangu Ijumaa na sijalipata. Aliomba shimo moja, hakupata hata hilo. Aliyeliua ni yeye, kwa kulipenda vizuri mno. Na hata kulililia hakuweza, kwa sababu wajukuu wake walikuwa wamelala juu ya shimo lenyewe.

Esdras Kapenda, mwalimu wa hesabu, miaka sabini na minne. Kwa Mama Marthe, pole sana, Mama. Kwako Éliane, pole, na nyumba hiyo kaa nayo, usiionee haya. Kwa Papa Florent Kabwe, pole, hakuna tena wa kukukemea Jumamosi. Kwa ukoo wote wa Kapenda, hapa na Kabongo, tunalia pamoja nanyi.

Na nyinyi mnaokaa Golf, nawaomba jambo moja tu. Leo mkirudi nyumbani, kabla hamjaingia, simameni kidogo mlangoni mkafikiri. Chini ya miguu yenu kuna shimo mojawapo, na mtu alilijua kwa kila hatua. Msinipigie simu kuniuliza ni lipi. Aliyekuwa anajua tulimzika Jumamosi.