Nilipiga Makofi Cheti cha Faida Kikiungua

Jina la Yesu lipewe heshima, ndugu zangu wa St Marys hapa Sydney, na ninyi mnaopanda treni kutoka Seven Hills kuja kuabudu pamoja nasi. Mimi ni Mama Esta, yule mliyezoea kumwona mstari wa mbele karibu na kinanda. Nilikaa pale miaka yote kwa sababu nilipenda kuonekana. Leo naandika nikiwa na aibu, na mama mchungaji ameniambia niandike hivyo hivyo, nisitie sukari.

Shule sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kule Baraka, Kongo, kando ya ziwa, halafu mambo ya vita mnayajua. Lakini mtu ambaye hakusoma anaweza kuwa na majivuno kuliko profesa. Mimi majivuno yangu yalikuwa ni mjukuu wangu, Faida, mtoto wa binti yangu Esta. Tunakaa nyumba moja, sisi watatu.

Faida alipomaliza shule alikataa kazi ya ghala, akakataa na ya kutunza wazee, akasema anataka kazi ya meli. Nikamwambia maji yanakula watu. Mimi ni mtu wa ziwa, najua. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao watoto wa huku, kwamba ndiyo maana anasomea redio. Akasoma, akafanya mtihani, akapewa cheti cha opareta wa redio ya baharini. Yaani meli ikipata shida huko katikati, yeye ndiye anayeshika chombo cha kusemea, anataja jina la meli na mahali ilipo, na watu wanakuja kuokoa. Akapata kazi kwenye boti inayopeleka watalii kuangalia nyangumi. Kapiteni akamwambia: njoo, lakini siku ya kwanza ulete hicho cheti nikione.

Ndugu zangu, kile cheti kilinipanda kichwani. Niliwaambia wanawake wa kwaya kwamba Faida akifungua mdomo kwenye redio, bahari yote ya Sydney inanyamaza kumsikiliza. Kuna mama mmoja Mkenya, nesi, mnamjua, yeye nilimwambia Faida ni kapiteni. Kapiteni! Mtoto ambaye hata leseni ya gari hana.

Basi ikaja ile ibada ya kuchoma vifungo, uani kwa mchungaji. Kwa wewe ambaye hukuwepo: kila mtu anaandika kwenye karatasi kitu kinachomfunga, hofu, pombe, ndoto mbaya, karatasi zinaingia kwenye pipa la moto na sisi tunashangilia. Siku hiyo hiyo kuna karatasi za kubarikiwa, barua za kazi, mambo ya viza, ambazo wazee wanaziwekea mikono. Mimi nikachukua cheti cha Faida kwenye droo yake bila kumuuliza, nikakitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Nilisema nataka kibarikiwe. Ukweli ni kwamba nilitaka kionekane.

Mezani kulikuwa na beseni mbili za plastiki, zote nyeupe. Mchungaji alieleza ipi ni ya kubariki na ipi ni ya kuchoma. Nimeambiwa alieleza hata mara ya pili. Mimi sikusikia, nilikuwa namhubiria yule nesi habari za Faida. "Mama Esta, hebu tusikilize," akaninong'oneza. Nikamjibu, "Sikiliza wewe. Mimi haya nayajua tangu Kongo." Nikainuka na kitenge changu kipya, nikaweka bahasha kwenye beseni iliyokuwa karibu.

Shemasi alipomwaga beseni ndani ya pipa, niliuona ule uzi mweusi. Niliuona vizuri kabisa. Nafasi ya kupiga kelele ilikuwepo. Shemasi alikuwa na koleo la kugeuzia nyama mkononi, angeitoa bahasha ikiwa nzima. Lakini nesi alikuwa ubavuni mwangu, na nilikuwa nimetoka tu kumwambia kwamba haya nayajua. Mdomo ukagoma. Watu wakashangilia, wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi. Bahasha ikajikunja, ikawa nyeusi, na mimi napiga makofi.

Nyumbani nikanyamaza. Faida alipokikosa cheti alimwaga droo zote sakafuni. Alitafuta chini ya kitanda, kwenye pipa la takataka, mpaka ndani ya mashine ya kufulia. Esta akamgombeza: "Wewe na hiyo simu yako, siku moja utapoteza kichwa." Mtoto akalia. Mwisho akajishawishi mwenyewe kwamba alikiacha kwenye treni alipotoka kumtembelea rafiki yake Seven Hills. Mimi nilikuwa jikoni nasonga fufu, ule ugali wetu. Nikasema, "Treni zinapoteza vitu vingi." Ndugu zangu, niliyasema hayo kwa mdomo huu huu ninaoimbia.

Faida akapiga simu kwenye ofisi iliyotoa cheti. Wakamwambia kingine kinaweza kutolewa, hakuna shida, ila aandike kimepoteaje, na atie sahihi mbele ya shahidi kwamba anayosema ni kweli. Kule maktaba ya Penrith kuna mzee mmoja Mzungu anayekaa na meza yake kufanya kazi hiyo. Mimi nikamfuata Faida. Sikuwa na sababu ya kwenda. Naamini Bwana alinivuta kwa kilemba.

Yule mzee akasoma karatasi polepole. Akamuuliza Faida kama yote aliyoandika ni kweli, maana kusaini uongo pale ni kosa la kisheria. Hapo Kiingereza changu kinafika. Nikaona mjukuu wangu anashika kalamu ili aape kwa uongo wangu, na yeye hajui. Nikamkamata mkono.

"Usiandike jina."

"Koko, please. Watu wanangoja." Koko ndivyo anavyoniita, yaani bibi kwa lugha ya kwetu.

"Hukukiacha kwenye treni. Mimi nilikichukua. Kimechomwa kanisani."

Mzee akauliza bibi anasema nini. Nilitaka kujibu mwenyewe, Kiingereza kikanikimbia. Ikabidi Faida anitafsirie. Ndugu zangu, hiyo ndiyo aibu yenyewe: kumtazama mtoto uliyemdhulumu akiyabeba maneno yako moja moja kwa mdomo wake. Alitafsiri droo, akatafsiri bahasha, akafika kwenye pipa, akasimama. Akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hajibu kwa Kiswahili hata umpe nyama.

"Uliona kinaungua?"

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga makofi."

Hilo hakulitafsiri.

Mzee akachukua fomu nyingine isiyoandikwa, akampa. Akamwambia aandike ilivyokuwa. Halafu akauliza kwa upole kama kanisa letu huwa linachoma vyeti vya watu kila wiki. Faida akacheka huku machozi yanamtoka. Akaandika ukweli, akatia sahihi. Treni za huku zina ghorofa mbili; wakati wa kurudi alipanda ya juu, mimi akaniacha chini peke yangu. Ilikuwa haki yake.

Na hapo chini, ndugu zangu, ndipo Bwana aliponifungua. Hakuna aliyeniwekea mikono. Nililia mpaka St Marys bila kujali nani ananitazama, mimi Mama Esta ambaye sikuwahi kulia mbele za watu. Maisha yangu yote niliogopa kuonekana mjinga kuliko nilivyoogopa dhambi. Ile hofu iliniachia. Jioni hiyo nikamwambia Esta yote. Jumapili nikamfuata yule nesi nikamwambia Faida si kapiteni. Akanishika bega: "Mama, nilijua. Boti ile nimeshapanda. Kapiteni ana ndevu mpaka hapa."

Faida alimweleza kapiteni wake ukweli. Akaruhusiwa aanze kwa kufunga kamba na kugawa chai, redio asiguse mpaka cheti kije. Kilikuja kwa posta. Alikifungua mwenyewe, akakitia kwenye mkoba wake, hakunipa nikishike. Bado ana hasira kidogo. Lakini Ijumaa iliyopita alikaa jikoni akaniuliza fufu inasongwaje, na namshukuru Mungu kwa hilo tu.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna kitu unakiona kinaungua na umenyamaza kwa ajili ya watu waliokaa karibu nawe, mwamini Bwana, ufungue mdomo wakati koleo bado lipo. Nami mdomo wangu ulichelewa, lakini Yeye hakunifukuza. Asante Yesu.

Siku hizi nakaa mstari wa nyuma, karibu na mlango. Karibuni tuombe pamoja. Habari za kazi ya Faida msiniulize mimi, muulizeni mwenyewe akirudi kutoka baharini.