Ndege Isiyotaka Uwanja

Mimi Bushiri nauza kahawa, na benchi langu ubavuni mwa soko la Mbeya lina wabishi kuliko baraza la machifu. Muharami, fundi baiskeli, tunamwita Bama, maana alipigana vita huko Burma, naye hatupi nafasi ya kusahau. Selemani tunamwita Karani. Huwaandikia watu barua za serikali. Asubuhi moja ya mwaka 1959 kazi yao ilikuwa kumtetea Yotamu, mkulima wa viazi, mtu mpole mpaka anakera. Serikali ilitaka kurefusha uwanja wa ndege, na shamba lake la eka moja, kando ya barabara, ndilo pekee upande ule lisilo na mteremko. Bama akaja na kipande cha gazeti chenye picha ya ndege ya Amerika.

— Yotamu, kalale usingizi. Shamba limepona! Ndege hii haikimbii chini. Inapaa wima, ikifika juu inakwenda zake.

— Hiyo si helikopta? akasema Karani.

— Helikopta ina mabawa, wewe? Tazama!

Akang'oa usukani wa baiskeli ya mteja, akauinua juu.

— Usukani ndio bawa. Huku mwisho propela, na huku propela. Wakati wa kupaa zinatazama juu. Ikishapaa zinalala polepole mpaka zitazame mbele. Hapo bawa linabeba, propela zinavuta.

— Na zikiwa katikati ya kulala, nani anabeba? nikauliza.

— Wote wawili, nusu kwa nusu. Haraka haraka haina baraka.

— Injini moja ikizimika je? Yotamu akauliza.

— Ndiyo maana ziko mbili! Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Basi, inabaki moja!

Nikataka kumwambia methali haiendi hivyo, lakini nani atamweza Bama?

— Wamarekani wamekosea, akasema Karani. Injini ziwe nne, zifungwe mnyororo kama wa baiskeli. Moja ikifa, zilizobaki zinazungusha propela zote.

— Mnyororo ninao!

— Basi tutabeba hata lori na shehena yake.

— Lori? Kanisa la kina Yotamu tutalinyanyua na waumini ndani, tulishushe Tukuyu kabla ya mahubiri! Karani, mwandikie Bwana DC. Mwambie ndege ya sasa haitaki uwanja mrefu. Inataka kipande kidogo tu.

— Kidogo kiasi gani?

— Hatua sitini kwa sitini. Pawe tambarare, mlimani itabingirika. Pasiwe na miti.

— Na pawe karibu na barabara, akaongeza Karani, kalamu ikikimbia.

— Na pasituame maji, nikasema na mimi, nisionekane mjinga.

Karani akaisoma barua kwa sauti ya mahakamani. Yotamu machozi yakamlengalenga.

— Ndaga, asanteni ndugu zangu. Mungu awabariki.

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya barua. Akatabasamu; wiki nzima sikuwa nimeyaona meno yake. Nikammiminia kikombe kingine, nimefurahi kweli kweli.

Mara akatokea mkewe, Tusajigwe, ana matope mpaka magotini na kigingi mkononi.

— Baba Sedekia, wapima ardhi wameshaingia kwenye viazi! Hiki nimeking'oa mwenyewe.

— Shemeji, tulia, akasema Bama. Barua imekwisha. Karani, msomee.

Akasomewa yote, mkono kiunoni.

— Nimesikia. Tambarare, hakuna miti, maji hayatuami, karibu na barabara. Sasa shemeji, hapa kwetu mahali pa namna hiyo ni wapi?

Bama akatazama mlima Loleza. Karani akatazama kalamu yake. Mimi nikashika birika, nisijue nammiminia nani.

Yotamu alikuwa anasugua kidole gumba kwenye suruali. Wino ulikuwa umeshakauka.