Kituo cha Tatu: Wazee Wakizungumza

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliolazwa juu ya mapipa mawili, kwenye kona ya mtaa unaopanda kutoka geti la bandari. Upande mmoja pana kibanda cha Fundi Saa, ambamo kila saa ukutani ina wakati wake. Upande wa pili ni kwa kinyozi. Mbele ya benchi Mama Birika ana jiko la mkaa na vikombe vinavyooshwa kwenye ndoo moja. Hapo huzungumzwa kila kitu isipokuwa kile kilichomleta mtu. Lakini asubuhi hiyo Fundi Saa hakuweza hata kushika bisibisi. Mpwa wake, aliyesoma lugha za kigeni chuo kikuu akaishia kukunja mashuka hotelini, alikuwa kwenye majaribio ya kuwaongoza wageni wa meli kubwa iliyotia nanga alfajiri. Ni matembezi ya nusu siku: soko, ngome ya zamani, kisha, kwa wazo lake mwenyewe, benchi hili. Kituo hicho alikiita "Wazee wakizungumza." Bosi wake angekuwa nyuma ya kundi, akitazama. Kikiharibika, binti anarudi kwenye mashuka.

— Mtoto alisema tukae kama kila siku, Fundi Saa alinung'unika. Alisisitiza. Kama kila siku.

Naye mwenyewe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Kapteni, aliyekipata cheo chake kwa kukata tiketi za kivuko, alikuwa ndani ya koti jeusi la harusi yake, jasho likimtiririka shingoni. Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi wa kesi ya kuku, alifunga tai nyeusi.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Wakili akiinyoosha tai yake.

— Hawa ni wa nusu siku, akajibu Mama Birika. Sijui utawapa mpini.

— Mimi ninachouliza, alisema Kapteni, mtu ana kitanda chake, ana bwawa la kuogelea juu ya bahari, halafu anashuka kuja kunitazama mimi nimekaa. Kwa nini?

— Dawa hiyo, akasema Wakili. Melini kila kitu kinatikisika. Daktari amewaandikia wakatazame kitu kisichotikisika.

— Basi hawakupotea njia, akasema Mama Birika.

— Bahari hamuijui nyinyi, akasema Kapteni, ambaye kivukoni alikata tiketi akiwa nchi kavu kwa sababu ya kichefuchefu. Hawa wanapeleleza benchi. Kwao mabenchi yamekwisha, watu wanatazama simu tu. Watalipiga picha, watakwenda kulitengeneza, kisha litarudi hapa ndani ya boksi tuuziwe sisi.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, Wakili alikubali kwa huzuni.

— Benchi linaelea wapi? akauliza Kapteni.

— Nazungumzia meli. Hivi hamjajiuliza kwa nini kila meli inashusha watu wanaofanana? Kofia ile ile, kaptura ile ile. Ni wale wale, jamani. Safari hakuna. Meli inazunguka nyuma ya mnara wa taa, inapakwa rangi, inarudi.

— Kaka, tafadhali, akasema Fundi Saa. Kwenye mazoezi tulikubaliana nini? Nani anaanza?

— Mimi, akasema Wakili, na bei ya sukari.

— Utawalaza usingizi. Kapteni?

— Mpira.

— Mtapigana mbele ya bosi wake.

— Fundi, ondoa shaka, Kapteni alimpiga begani. Debe tupu haliachi kuvuma. Wakifika tu, tutavuma.

Wakafika. Mpwa alikuja mbele ameinua mwavuli wa rangi ya chungwa, wageni wakimfuata kwa kofia na kamera, na nyuma kabisa bosi, amefumbata mikono.

— Shikamoo mjomba, shikamooni wazee. Endeleeni tu na mazungumzo yenu.

— Marahaba, wakajibu wote kwa pamoja.

Mazungumzo yakaishia hapo.

Kapteni alitazama viatu vyake. Wakili alifungua mdomo, akaufunga, akakohoa kidogo kwa heshima. Fundi Saa aliitafuta bei ya sukari kichwani asiione. Kibandani saa mojawapo ya ukutani ikagonga saa tisa alasiri, na jua halijafika hata utosini. Bibi mmoja mwenye kofia ya ukindu alimwinamia mpwa, akamuuliza jambo.

— Anauliza, alisema mpwa, na sauti yake ilikuwa nyembamba, huwa mnazungumza nini hapa?

Swali lenyewe jepesi. Fundi Saa alimtazama Wakili, Wakili akamtazama Kapteni, Kapteni akalitazama birika. Bosi naye aliitazama saa yake ya mkononi, na Fundi Saa akayaona mashuka yote ya hoteli yakimsubiri binti wa dada yake.

Mpwa alilitazama koti jeusi. Akaitazama tai. Kisha akawageukia wageni, akashusha mwavuli na kusema nao polepole kwa lugha yao, kwa muda mrefu.

Wageni wakavua kofia. Mmoja mmoja wakasogea kuwapa mkono. Yule bibi alimkumbatia Kapteni, na Kapteni, asijue ni kwa nini, akalia. Hata bosi alikunjua mikono, akauweka mmoja kifuani.

— Umewaambia nini? Fundi Saa alinong'ona.

— Kwamba mmefiwa, mjomba. Mwenzenu wa siku zote hayupo, ndiyo maana benchi limenyamaza. Nisamehe.

Kundi lilipokata kona tu, benchi likalipuka: kwamba Wakili ndiye aliyetakiwa kuanza, kwamba Kapteni alilia kupita kiasi, kwamba koti lile ndilo lililoleta balaa. Walikuwa bado wanarushiana maneno mpwa aliporudi mbio, anahema, mwavuli kwapani.

— Mjomba, nimepata kazi. Bosi anasema kituo hiki kisiguswe.

Fundi Saa akaketi, akafungua kifungo cha juu cha shati lake.

— Ila meli hii inarudi wiki ijayo, mpwa akaendelea bila kumtazama usoni. Na watu hawa hawa. Yule bibi anawachangisha wenzake maua. Wanataka kuyaweka kaburini.

— Si niliwaambia ni wale wale? akasema Wakili.

Kinyozi naye alikuwa anakuja kutoka kwake, kitambaa cha kunyolea begani, mikono ameishikanisha mbele.

— Poleni sana wazee wangu. Nimeona watu wanavua kofia. Nani amekufa?

Wakili akajisogeza mpaka ncha ya ubao. Kapteni akaanza kulivua koti, kifungo baada ya kifungo. Fundi Saa akamgeukia Mama Birika kama anayemtafuta marehemu, na wenzake wakageuka naye.

Mama Birika aliliinamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa hata tone.

— Mimi msinitazame, alisema. Wiki ijayo nina kazi.