Hata Mbwa Ana Jina

Kinyozi alikuwa amechoshwa na vitabu, na basi zima lilijulishwa. "Cha historia ni wafalme watupu, utadhani hakuna aliyekuwa akilima! Cha majoka ndiyo balaa: joka limepewa ukoo hadi babu wa saba. Afadhali hiki cha mauaji, ni kisa kilichotokea kweli. Muuaji tunamjua tangu hajaachishwa ziwa. Hata mbwa wake ana jina."

"Na aliyeuawa?" akauliza mama wa kiti cha jirani, aliyekuwa akilikodolea macho jalada tangu apande.

Kinyozi akalamba kidole, akapekua, akapekua tena. "Humu wameandika 'mwanamke mmoja' tu, mama."

Basi likasimama. Mama akainuka na mkoba wake.

"Mwambie huyo mwandishi wako jina alikuwa nalo. Nilimpa mimi."