Kaburi la Garnet

Asubuhi tunakaa kwenye benchi nje ya duka la Bi Merdel, pale njia ya mlimani inapogawanyika, tunagonga domino na kunywa kahawa yenye maziwa ya kopo. Hapa Barrow Hill, katika milima ya Jamaika, mtu akifa wanaume hatusubiri kuitwa. Tunabeba sururu na koleo, tunachimba kaburi nyuma ya nyumba yao, wafiwa wanatupikia supu ya mbuzi, na hakuna anayelipwa. Wiki hii sururu zilibaki majumbani. Aliyekufa ni Garnet, mtoto wa Bi Ivaline, na maziko ni Jumapili. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, hapa hapa mbele ya duka, mtu alimrushia lile neno tunalowaitia wanaume wanaopenda wanaume. Mwingine akadakia, kisha yakafuata mawe. Garnet alitimua mbio akatumbukia korongoni. Polisi wameandika kwamba aliteleza.

Bi Ivaline alishapita mara mbili kuuliza tutaanza saa ngapi. Mara zote mbili tulitazama domino.

— Mimi sichimbi, alisema Manga. Wahenga walishasema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikamwambia methali hiyo ni ya watu wenye hila. Akanijibu kwamba kaburi na kisima vyote ni mashimo, nisimletee usomi.

Busta shamba lake limepakana na la Bi Ivaline, kwa hiyo yeye alihofia viazi vikuu vyake. Alisema udongo unashika tabia ya mtu. Manga akamwongezea: minyoo itakula, kuku watakula minyoo, sisi tutakula kuku, na mwisho kijiji kizima kitakuwa kama yeye. Shemasi Wilmot, ambaye tunamheshimu zaidi kwa unene wa sauti yake, akatukumbusha kimbunga cha mwaka juzi. Kiling'oa paa la kanisa, lakini kwa Garnet hakikugusa hata bati moja.

— Mnadhani kwa nini? Kilimjua mtu wake.

— Au alipigilia misumari vizuri, akasema Bi Merdel kutoka ndani.

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na naona haya kuliandika hilo.

Kicheko kilipokatika nikauliza nani ataandika beti za Jumapili. Hapa kwetu hakuna anayezikwa bila beti, na kwa miaka tisa aliyeziandika ni Garnet. Aliziandika kwa maneno yetu haya haya ya dukani, akasimama kaburini akazisoma, na hata waliomsema vibaya walizikunja wakaweka ndani ya Biblia zao. Baba yake Manga aliweka wake wawili kwenye barabara moja. Alipokufa, mchungaji alikataa kumsifu mazikoni, Garnet ndiye aliyepata la kusema. Nikalisema tena pale benchini, bila kumtazama Manga:

Udongo hauulizi
ulilala nyumba gani,
wakufunika, mzazi,
kama mtoto shukani.

Manga alimwaga kahawa yake chini.

— Usimchanganye baba yangu na huyo.

— Sikuwachanganya mimi. Wewe ndiye uliyemfuata Garnet mpaka jikoni kwake kuomba beti, na ulilia.

Shemasi akasema shairi zuri halimsafishi mtu. Busta akasema hata shetani anajua kuimba. Wakaendelea hivyo. Kulikuwa na jambo mimi sikuwa nimelisema. Jumamosi sikurusha jiwe. Lile neno nililitamka, tena kwa sauti, nikitaka Busta acheke.

Hapo gari la abiria likasimama, akashuka mzee mmoja mwenye sururu begani. Alitusalimia vizuri, akauliza kwa Bi Ivaline ni wapi. Alisema ametoka Trelawny na ameajiriwa kuchimba kaburi. Hakuna aliyeinua macho. Tangu nizaliwe, mlima huu haujawahi kukodi mgeni azike mtu wake.

Bi Merdel akampa kahawa. Mzee akakaa katikati yetu, akapuliza kikombe.

— Poleni na msiba, wanangu. Kijana aliumwa nini?

— Hakuumwa, mzee, akasema Shemasi. Aliteleza akikimbia, akaanguka korongoni.

Mzee alitazama barabara. Ilikuwa pana na kavu, na korongo liko mbali nayo hatua ishirini nzima.

— Alikuwa anamkimbia nani?

Busta akapanga domino zake upya. Manga akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Bi Merdel alitoka na birika, akasimama mlangoni.

— Sisi, nikasema.

Shemasi akaniambia ninyamaze, kuna mgeni. Nikalirudia, na safari hii nikataja majina, nikaanza na langu.