Adresi Yangu Kwenye Tangazo la Msiba

Mwaka 2011, kabla ya Pasaka, mama yetu alifariki Bukavu, nasi tuko hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hatukumzika. Ndugu zangu wa kikundi hiki, mnajua matanga ya mbali yalivyo: mnalia, halafu mnaangaliana.

Nilikuwa na kaka mmoja tuliyepotezana naye njiani tukikimbia. Nikafikiri, habari ya kifo cha mama itamfikia popote alipo. Basi tukaweka tangazo kwenye ukurasa wa intaneti wa watu wa Bukavu: picha ya mama, jina lake, majina ya watoto, na mwishoni adresi yangu ya barua pepe, kila mtu aione.

Watuma barua taka nao waliiona. Kila nilipokwenda Lilongwe, kwenye chumba cha intaneti pale City Centre, nilikuta barua za dawa, mikopo na bahati nasibu zimejaa. Nilifuta mpaka muda niliolipia ukaisha. Mume wangu alinitania, "Mama, leo tena umeshinda loto?" Siku nyingine akasema kwa upole, "Funga ile adresi, ufungue ingine."

"Na kama kaka amekwisha kuiandika mahali? Ile njo ataandikia."

Sikuifunga.

Kisha ikaja barua: "Dada, ni mimi. Niko hospitali, nitumie pesa." Ilitaja jina la mama. Nililia pale pale kwenye kiti. Nilikuwa nimeanza kutafuta pesa, ndipo dada mmoja aliyeketi hapa leo akaniambia, "Jina la mama iko kwenye tangazo. Umuulize kitu yenye haiko pale."

Nikamwandikia yule wa barua, nikamuuliza mama yetu alikuwa anauza nini sokoni Kadutu. Hajaandika tena mpaka leo. Nawaambia kweli, siku zile nilimlilia kaka kuliko nilivyomlilia mama.

Dada huyo alinipeleka kwa mzee anayetunza ukurasa, akaiondoa adresi. Sasa anayenitafuta anamwandikia mzee kwanza, naye anamuuliza lile swali la soko. Nawashukuru wote wawili. Angalau usiku napata usingizi. Nanyi, ndugu zangu, msiache adresi zenu wazi, hata kwenye msiba. Hasa kwenye msiba.

Lakini adresi yenyewe sijaifunga. Jumanne nilikwenda tena City Centre. Nilifuta barua, nikisoma kwanza jina la kila aliyeandika, pengine ni kaka. Muda ukaisha sijafika mwisho.