Nyekundu ya Fundi Beji

Ndugu wafiwa na majirani, mimi ni binti wa pili wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na mwenyewe aliagiza nisimpambe.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Beji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, kitindamimba kati ya watoto watano. Alisoma hadi darasa la saba. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kusoma, alitoka nyumbani kwenda kudai uhuru na hakurudi.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye karakana ya beji, akakaa miaka arobaini na mitano. Alitengeneza beji za bendera, zile wanazovaa wakubwa kwenye kola ya koti. Alijaza unga wa kioo wa rangi kwenye vijumba vya shaba, kisha akauchoma katika tanuri. Kijani ni mashamba, nyeupe ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa. Nyekundu ndiyo iliyomtoa jasho: ikizidisha dakika moja motoni inageuka kahawia, naye alizitupa beji zote zilizoharibika hivyo. Msimamizi alimwambia, "Mzee, nani atachungulia?" Akajibu, "Kaka yangu."

Alimuoa mama yetu tarehe 14 Agosti 1976. Siku hiyo alichelewa saa nzima kwa sababu ya tanuri, na mama alimkumbusha kila walipokosana. Hawakukosana mara nyingi, ila wakikosana mtaa ulijua.

Sukari ilianza kumla macho mwaka 2014. Juni 2016, alipokuwa akimalizia beji arobaini za mwisho kabla ya kustaafu, nilimpelekea chakula. Akaniuliza, "Nyekundu imekaaje?" Ilikuwa kahawia. Nikamjibu, "Imekaa sawa, baba." Nilitaka aondoke kwa heshima. Uongo huo umeninyima raha karibu miaka minane.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024. Siku tatu kabla, aliniita kitandani.

"Zile arobaini nilizirudia," akasema. "Macho yalikufa, lakini dakika nilizihesabu, nikajua zimezidi. Msimamizi alinisaidia kutazama rangi."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Nilikuwa nakungoja uanze wewe."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanituma kwenye mfuko wa koti lake, nikatoa moja ya zile mbovu. Alikuwa ameihifadhi muda wote huo.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja.

Beji yenyewe ndiyo hii niliyovaa. Baba, nyekundu haikukaa sawa. Sasa nimesema. Lala salama.